Okonkwo alikufa sura ya tatu

Nimepotea hapa kama wiki mbili hivi, testi zilikuwa zimenibana. Leo nimekuja na hasira kidogo, ila ni hasira za kitabu tu, msiogope.

Juzi kwenye semina tulifika mwisho wa Things Fall Apart, ile riwaya ya Chinua Achebe ya mwaka 1958. (Kama hujaisoma na unapenda kushtukizwa, ishia hapa, ukaisome kwanza. Mwisho wake nausema kwenye sentensi inayofuata.) Okonkwo anajinyonga. Sasa mwenzetu mmoja, tena kichwa kwelikweli, si wa kubahatisha, akanyoosha mkono akasema hapo Achebe amelipua kazi. Eti mwanaume aliyevuma vijiji tisa, aliyerudi vitani na vichwa vya maadui, hawezi kubadilika ghafla hivyo. Mwandishi alichoka, akatafuta pa kufungia kitabu. Semina nzima ikacheka, wengine wakapiga meza, muda ukaisha, tukatawanyika kwenda kula.

Mi nikabaki na maneno mdomoni. Tangu siku hiyo kila jioni nipo kwenye kimbwete na kopi yangu iliyonyofoka jalada, natafuta ni wapi hasa huyu bwana alianza kufa. Nimepapata. Ni sura ya tatu. Kitabu kina sura 25.

Hebu ifungueni. Okonkwo bado ni kijana. Baba yake, Unoka, hana ghala, hana shamba la maana, ana filimbi na madeni. Kijana anakwenda kwa tajiri mmoja wa kijiji, Nwakibie, kuomba mbegu za viazi vikuu alime kwa kugawana mavuno. Anapewa mbegu 800. Na mwaka huohuo ndio mvua zinagoma. Jua linaunguza miche, halafu mvua ikija inakuja ya kufuru, inasomba matuta. Wakati wa mavuno watu wanachimba viazi vilivyooza huku wanalia. Mkulima mmoja anafunga nguo yake kwenye tawi la mti, anajinyonga.

Basi. Sentensi moja. Hana jina, hana mke, hatuambiwi alizikwa wapi. Ukisoma upesi unampita kama unavyopita kituo cha daladala usichoshukia.

Lakini angalieni kinachofuata. Achebe anasema Okonkwo aliukumbuka mwaka ule maisha yake yote, na kila akiukumbuka mwili ulimsisimka. Alijiona kama ameuvuka ule, hakuna kitakachomshinda tena. Na palepale yule baba mzembe, ambaye tumeshafundishwa kumdharau, naye wakati huo ni mgonjwa, anamwambia mwanawe jambo ambalo mi naliona ni zito kuliko yote kitabuni: kwamba moyo wenye kiburi unaweza kustahimili shida iliyowapata watu wote, lakini kushindwa ukiwa peke yako ndiko kuchungu.

Na kwenye sura hiyohiyo, kurasa chache nyuma, tunaambiwa jinsi Unoka alivyokuja kufa. Alivimba tumbo. Ugonjwa huo ulikuwa machukizo kwa mungu wa kike wa ardhi, kwa hiyo hakuruhusiwa kufia nyumbani wala kuzikwa. Alibebwa akaachwa kwenye Msitu wa Uovu. Akaondoka na filimbi yake.

Sasa jumlisheni. Mti. Mtu anayening'inia. Mwili ambao ardhi inaukataa. Na onyo kuhusu kushindwa peke yako. Nendeni moja kwa moja sura ya 25: Okonkwo ananing'inia kwenye mti nyuma ya boma lake, alijitia kitanzi bila mwenzake yeyote, na watu wa Umuofia hawaruhusiwi hata kumgusa, inabidi wageni ndio wamshushe na kumzika. Maisha yake yote alikimbia asifanane na baba yake. Ardhi ikawakataa wote wawili. Vipande vyote vinne vilikuwa pale sura ya tatu, vimefunikwa na habari za mbegu.

Kwa hiyo "ghafla" imetoka wapi?

Mi naona imetoka kwenye ujanja wa Achebe wenyewe. Wengi wetu tumelelewa na zile sinema za Kinaijeria, kinanda kikianza kulia tu unajua mtu anakufa dakika hii, hata ukienda jikoni ukirudi hujapitwa na kitu. Achebe hapigi kinanda. Au niseme anakipiga mara moja tu, mwanzoni kabisa, na anakipiga kwa ajili ya mtu mwingine. Sura ya kwanza haijaisha anatuambia waziwazi kuwa yule mtoto Ikemefuna, aliyetolewa na kijiji cha Mbaino kama fidia, ni mtoto wa mkosi, ameshahukumiwa. Mtoto anakuja kuuawa sura ya saba. Yaani sura sita nzima tunamwona anacheza, anawinda na Nwoye, anasimulia hadithi za kwao, anaanza kumwita Okonkwo baba, na sisi tunajua. Tukifika kwenye kifo chenyewe tumeshazoea kwamba kitabu hiki kikitaka mtu afe kitatuambia. Ndipo anatupata. Kifo cha Okonkwo hakitangazwi hata siku moja.

Na ile sura ya saba, jamani. Nimeisoma mara nne wiki hii. Mnakumbuka kinachokuja humo? Nzige. Wanakuja kwanza kundi dogo kama wapelelezi, halafu anga linafunikwa, matawi yanavunjika kwa uzito wao. Na watu wanafurahi! Watoto wanapiga kelele, wanasubiri usiku umande uwalowanishe mabawa, wanawakamata kwa makapu, wanawakausha juani, wanawala na mawese. Sisi watu wa Kagera hatuhitaji kuelezewa hapo, ni furaha ileile ya msimu wa senene, taa zinawaka, hakuna anayelala. Okonkwo amekaa na vijana wake wawili wanatafuna nzige kwa raha zao. Hapohapo anaingia mzee Ogbuefi Ezeudu, anamwita pembeni, anamwambia mtoto atauawa, na kwamba yeye asitie mkono wake, kwa sababu mtoto yule anamwita baba.

Nzige na hukumu, kwenye ukurasa mmoja. Halafu sura ya 15, Okonkwo akiwa uhamishoni Mbanta, rafiki yake Obierika anakuja kumsimulia jinsi kijiji cha Abame kilivyofutwa. Mzungu wa kwanza alikuja peke yake na baiskeli. Watu wakauliza mizimu, mizimu ikasema huyu ataivunja jamii yenu, na wengine wako njiani, nao ni nzige. Wakamuua, baiskeli wakaifunga kwenye mti wao mtakatifu. Ukirudi sura ya saba baada ya hapo, wale nzige hawaliki tena. Lile kundi dogo la mwanzo kumbe lilikuwa na maana.

Ila kinachonimaliza mi ni Ikemefuna njiani. Wanaume wanamtembeza msituni, wanamwambia anarudishwa kwao. Mtoto anafikiria mama yake: yuko hai? Anajitungia bahati nasibu. Anaimba kichwani wimbo wa utotoni huku anatembea, ukiishia mguu wa kulia mama yuko hai, ukiishia wa kushoto amekufa, hapana, si amekufa, ni mgonjwa. Unaishia kulia. Anaimba tena, unaishia kushoto. Akaamua mara ya pili haihesabiki.

Hivi nani hajawahi kufanya hivyo? Achebe hapo ametuchora sisi wasomaji. Dalili inakuja, tunaiona kwa macho yetu, tunasema hii haihesabiki.

Kuna na bunduki. Nitaipitia haraka. Sura ya tano, kwenye sikukuu ya viazi vipya, Okonkwo anampiga mkewe Ekwefi kwa ajili ya majani ya mgomba, kisha anachukua bunduki yake mbovu akawinde. Ekwefi ananong'ona maneno ya kejeli kuhusu bunduki zisizopiga kitu. Anasikia, anafyatua, anamkosa. Tunapumua, sikukuu inaendelea. Sura ya 13 bunduki inapasuka kwenye mazishi na kipande cha chuma kinaua kijana wa miaka 16. Mazishi ya nani? Ya Ezeudu, mzee yuleyule wa onyo. Aliyekufa ni mtoto wake. Miaka saba ya uhamisho. Mtu akiniambia hiyo nayo ni kulipua kazi, tutagombana.

Sasa tuje kwenye ile hali ya jumla, maana hapo ndipo nilitaka kuongea kwenye semina. Darasani tunafundishwa kisengerembele kama vile ni matukio tu: tukio hili linadokeza lile. Lakini kinachomwandaa msomaji zaidi ni sauti. Sehemu ya kwanza ya kitabu ina kelele nyingi ajabu. Ngoma za mieleka, filimbi, mbiu ya usiku, wanawake wanasimulia hadithi za kobe. Sehemu ya tatu inanyamaza kidogo kidogo, mpaka msomaji anaanza kusikia pumzi zake.

Mfano ambao nadhani watu wengi wanauruka: sura ya pili kuna usiku wa giza, watu wanaogopa, na Achebe anatupia tu kwamba ungekuwa usiku wa mbalamwezi ingekuwa tofauti, watoto wangekuwa nje wanacheza. Maneno ya kawaida kabisa, utadhani anapamba mandhari. Sura ya 23, viongozi sita wamekamatwa kwa hila, wamenyolewa vichwa, wanachapwa na matarishi. Kijijini mwezi ni mpevu, unawaka. Na hakuna sauti ya mtoto hata mmoja. Uwanja mtupu. Wanawake waliokuwa wakikutana kujifunza ngoma mpya hawakukutana. Yaani alitupa kipimo mapema kabisa, kwamba mwezi ni sawa na watoto, halafu akangoja sura 21 ndipo atuoneshe mwezi bila watoto. Hakuna aliyekufa kwenye ukurasa ule, lakini msiba umeshaingia.

Kabla ya hapo, sura ya 22, yule Mkristo mkereketwa Enoch amemfunua mzimu mbele za watu, na usiku Mama wa Mizimu anapita kijijini akilia kwa mwanawe aliyeuawa. Hata wazee sana hawajawahi kusikia kilio cha namna ile. Na sura ya 20 Obierika ameshatoa habari za mtu aliyenyongwa na serikali kwa ugomvi wa ardhi. Kamba ya pili hiyo. Ya kwanza alijifunga mkulima, ya pili kafunga Mzungu. Ya tatu mnaijua.

Mtu mmoja bwenini nilipomweleza haya akanijibu kwa mkato: sikio la kufa halisikii dawa. Akageukia ukutani akalala. Ni jibu zuri na linatosha kumaliza mjadala, ndiyo maana silipendi. Maana ukilisema hilo umesema Okonkwo aliandikiwa, na dalili zote ni barua tu ya taarifa. Mi nikizisoma sioni barua, naona milango. Ezeudu alimwambia kaa nyumbani. Angeweza kukaa! Obierika alikaa, na baadaye alimwambia kabisa kwamba mizimu ikitaka mtoto afe yeye hataipinga, lakini hatakuwa yeye wa kuua. Hakuna aliyemwita Obierika mwoga. Okonkwo alikwenda, na mtoto alipomkimbilia alimkata kwa sababu aliogopa kuonekana dhaifu. Hata maneno ya Unoka ulikuwa mlango: mzee alikuwa anamfundisha mwanawe namna ya kushindwa bila kufa. Ndiyo kitu pekee Unoka alichokuwa anakijua kuliko mwanaume yeyote wa Umuofia. Mtoto hakuona cha kujifunza kwa mtu kama yule.

Nina sababu yangu ya kung'ang'ania hili. Nikiwa darasa la sita, jirani yetu mmoja, fundi baiskeli, alijinyonga. Wiki nzima baada ya hapo mtaa mzima uligeuka wahakiki wa fasihi. Eti aliuza redio. Eti alilipa deni la dukani ambalo hakuna aliyemdai. Eti Jumapili alicheka kupita kawaida, na alimpa mtoto wa fulani pampu bure. Kila mtu alikuwa na dokezo lake, na kila mmoja alilisema kwa uhakika wa mtu aliyejua siku nyingi. Lakini mi nilikuwepo siku anauza redio. Tuliona mtu anauza redio. Bei ilikuwa nzuri.

Ndiyo maana tangu juzi namwelewa yule mwenzetu wa semina kuliko nilivyomwelewa palepale. Amesoma kama mkazi wa Umuofia. Wale watu walikuwa na kila kitu tulicho nacho sisi, mti, bunduki, kijana aliyeuawa, miaka saba, mtoto wa kiume aliyekimbilia kanisani, na kwenye mkutano ule wa mwisho Okonkwo alipomkata tarishi kichwa, kilichosikika kwenye ule umati ni mtu kuuliza kwa nini amefanya vile. Wakawaachia matarishi wengine wakimbie. Okonkwo akafuta panga kwenye mchanga akaondoka. Hakuna anayetajwa kumfuata. Kushindwa peke yako, sura ya tatu, lakini nani Umuofia aliyekuwa ameshika kitabu mkononi? Unoka na mwanawe tu ndio waliosikia maneno yale, na mmoja alikuwa ameshakufa.

Kidogo kuhusu jina la kitabu, halafu niwaache. Jina la Kiingereza Achebe alilichukua kwenye shairi la Yeats, na lenyewe ni dokezo: kabla hujafungua umeshaambiwa mambo yatasambaratika. Sasa tafsiri ya Kiswahili ya Clement Ndulute, ya mwaka 1973, inaitwa Shujaa Okonkwo. Dokezo kubwa kuliko yote limeondolewa jaladani! Anayeanza na hiyo anaingia akitegemea ushindi. Kuna watu wataona ni hasara. Mi nalipenda jina hilo, maana pale mwishoni, mwili ukiwa bado unaning'inia, Obierika anamgeukia Mkuu wa Wilaya na kumwambia kwa ukali kuwa yule alikuwa miongoni mwa watu wakubwa kabisa wa Umuofia, na sasa atazikwa kama mbwa. Sauti inamkatika, hawezi kuendelea. Jina la Kiingereza ni la msimulizi anayejua yote. La Kiswahili ningesema ni la Obierika.

Na yule Mkuu wa Wilaya, ambaye babu zetu wangemwita Bwana Shauri, ndiye anayebaki na kurasa za mwisho. Yeye hakusoma sura ya tatu. Hajui habari za mkulima wala filimbi, wala nzige, wala wimbo wa mguu wa kulia. Kafika sura ya 25, kaona mtu juu ya mti, na anarudi ofisini akifikiria kitabu anachoandika kuhusu kuyatuliza makabila. Huyu mtu aliyemuua tarishi na kujinyonga anaweza kujaza sura nzima, anawaza. Labda si sura. Aya moja ya kutosha.

Nawasilisha. Kesho nina testi saa mbili asubuhi na desa sijaligusa. Kama kuna mdau mwenye Shujaa Okonkwo ya ile chapa ya zamani anikopeshe siku mbili, nataka kuona Ndulute ameifanyaje ile sentensi ya mkulima. Nitairudisha na soda juu.